Kikokotoo cha umbali kati ya viwanja vya ndege: kilomita naziamini, muda hapana

Kazini mimi ndiye ninayewapangia wenzangu safari, na nyingi zinaishia kwenye viwanja vidogo vya mikoani. Kwa hiyo kikokotoo hiki cha mtandaoni nakifungua karibu kila siku. Unaandika uwanja wa kuondokea na wa kutua, kinakupa umbali na muda wa kuruka. Ni cha bure na hakikulazimishi kujisajili.

Kwenye umbali nakipa alama zote. Kinapima njia fupi kabisa inayofuata mviringo wa dunia, kisha kinatoa jibu kwa kilomita na kwa maili za baharini wanazotumia marubani (moja ni kilomita 1.852). Kinapokea pia zile herufi tatu za uwanja zinazobandikwa kwenye begi, na mimi sikuhizi siandiki kitu kingine. Ukiandika Birmingham tu, unaweza kupewa ya Uingereza au ya Alabama, Marekani. Ukiandika BHX au BHM, ubishi umekwisha.

Muda ndio unaoniudhi. Kwa maandishi madogo chini ya ukurasa wameeleza kwamba wanachukua mwendo wa kilomita 800 kwa saa, halafu wanaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Huo ni mwendo wa jeti! Viwanja vidogo vingi vinahudumiwa na ndege za panga boi: ATR 72 inayokwenda kama kilomita 500 kwa saa, au Cessna Caravan ambayo haizidi sana 340. Chukua safari ya kilomita 300. Jeti ikiwa angani kwa mwendo wake kamili ingeimaliza kwa dakika 23 hivi, ATR kwa 36, Caravan kwa 53. Sasa weka upepo wa mbisho, yaani unaovuma kutoka mbele, wa kilomita 50 kwa saa. Jeti inachelewa dakika moja na nusu tu, lakini Caravan inafika dakika 62. Ndege ikiwa ya polepole, upepo unaiumiza zaidi, na kikokotoo hakisemi neno juu ya hilo.

Ile nusu saa nayo wanaibandika kila mahali. Niliwahi kujaribu Westray na Papa Westray, visiwa vya Orkney huko Uskoti, ambako ndege ya abiria huruka kilomita 2.7 tu na ratiba yake ni dakika mbili. Nikaambiwa nusu saa.

Kubwa zaidi ni kwamba kinatoa muda hata pale ambapo hakuna ndege ya moja kwa moja. Mgeni akiona "dakika 55" anajua atafika kabla ya chakula cha mchana, kumbe lazima apitie uwanja mkubwa, abadilishe ndege na asubiri. Huyo atakosa kikao, na lawama zitamwangukia aliyempangia safari.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Kitumie kujua umbali. Muda usome kwenye ratiba ya shirika lenyewe, ambayo huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama. Wenye kikokotoo nawaomba waweke sehemu ya kuchagua aina ya ndege, na waandike wazi kama njia hiyo ina safari ya moja kwa moja au haina. Wakifanya hayo mawili, nitaongeza nyota.