Transista ya kwanza ya priamplifaya ya santuri: BC550C, C1815 na 2SK170 kwenye soketi moja

Mashine ya santuri ninayoitumia nyumbani, Dar es Salaam, ina katriji (kile kichwa kidogo kinachobeba sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) ya Audio-Technica AT-VM95E, ambayo kwa mujibu wa karatasi yake ya vipimo hutoa milivolti 4 tu pale sindano inapofuata mfereji wenye sauti ya hezi 1,000 kwa mwendo wa sentimita 5 kwa sekunde. Umeme mdogo kiasi hicho hauwezi kuingizwa moja kwa moja kwenye amplifaya ya kawaida. Ni lazima kwanza ukuzwe takribani mara 100, na papo hapo urekebishwe kwa mkunjo wa RIAA, unaorudisha sauti nzito zilizopunguzwa na kushusha sauti nyembamba zilizoinuliwa wakati santuri ilipokuwa inachongwa. Hiyo ndiyo kazi ya priamplifaya, na transista ya kwanza kabisa ndani yake ndiyo inayoamua kama utamsikia Mbaraka Mwinshehe akimalizia gitaa lake kwenye ukimya, au utamsikia akiwa nyuma ya kelele ya shii inayofanana na manyunyu juu ya bati.

Nilijenga saketi moja tu, ile ya transista mbili zilizounganishwa moja kwa moja ambayo mafundi wameitumia kwa miongo mingi, nikailisha kwa betri mbili za volti 9 zilizofuatana ili mvumo wa umeme wa nyumbani usiniharibie majaribio. Mahali pa transista ya kwanza nililehemu soketi yenye matundu matatu, ili niweze kuchomoa moja na kuchomeka nyingine bila kugusa solda. Kila transista niliisikiliza usiku kwa hedifoni, feni zote zikiwa zimezimwa, sindano ikiwa imeinuliwa na sauti ikiwa pale pale ninapoiweka ninaposikiliza muziki. Mwanzoni nilikosea jambo moja ambalo ni vizuri nilitaje mapema: nilifunga ingizo kwa kipande cha waya badala ya kuacha katriji iliyounganishwa, na kwa njia hiyo karibu kila transista ilionekana kuwa kimya. Tofauti zilijitokeza nilipoirudisha katriji mahali pake, na tathmini yote inayofuata imejengwa juu ya kulielewa jambo hilo.

Transista ya kawaida ina miguu mitatu: bezi, inayopokea umeme mdogo, kolekta, unakotokea umeme uliokuzwa, na emita. Nayo ina kelele mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni kelele ya volteji, ambayo huwapo hata ingizo likiwa limefungwa kwa waya, nayo hupungua kadiri mkondo wa kolekta unavyoongezwa. Ya pili ni kelele ya mkondo, inayotokana na ule mkondo mdogo unaoingia kwenye bezi, nayo huongezeka kadiri mkondo wa kolekta unavyoongezwa. Hii ya pili haidhuru chochote mpaka ikutane na ukinzani, kwa kuwa hapo ndipo inapogeuka kuwa volteji inayoweza kusikika. Sasa, katriji ya sumaku inayocheza kama hii yangu, ambamo sindano hutikisa sumaku mbele ya koili iliyotulia, ina ukinzani mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Koili ya AT-VM95E ina omu 485 ukiipima kwa mita, lakini indaktansi yake, yaani tabia ya koili ya kuzuia umeme unaobadilika haraka, ni milihenri 550, maana yake kwenye hezi 10,000 inazuia umeme kama kilo-omu 35 hivi, na ikiwekwa sambamba na rezista ya kilo-omu 47 inayotakiwa kwenye ingizo, transista huona mbele yake kilo-omu 28. Shii hukaa kwenye sauti nyembamba, na huko huko ndiko kelele ya mkondo inakopata pa kujikuza.

Naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoniokolea fedha. Kelele hizi hupimwa kwa nanovolti kwa kila kipeuo cha pili cha hezi, nami hapa nitasema nanovolti tu. Transista yenye ukuzaji wa mkondo wa mara 500, yaani mkondo wa kolekta ukiwa mara 500 ya ule wa bezi, ikipewa miliampia 1 ya kolekta, huweka takribani nanovolti 22 kwenye hizo kilo-omu 28. Ikipunguziwa hadi miliampia 0.1, kelele hiyo hushuka hadi nanovolti 7. Rezista ya kilo-omu 47, ambayo hatuwezi kuiondoa, huchangia karibu nanovolti 17 kwa sababu ya joto lake tu. Kelele zisizohusiana hujumlishwa kwa mraba wake, kwa hiyo jumla katika hali ya kwanza ni nanovolti 28 na katika hali ya pili ni 18. Tofauti hiyo ni karibu desibeli 4, nami sikuinunua dukani. Niliipata kwa kutoa rezista ya kolekta ya kilo-omu 15, kuweka ya kilo-omu 150, na kurekebisha rezista zinazoipa bezi mkondo wake. Ni kweli kwamba kwenye mkondo mdogo kelele ya volteji hupanda na kufika nanovolti 1.5 hivi, pamoja na kidogo kinachoongezwa na ukinzani wa ndani wa bezi, lakini omu 485 za koili yenyewe zina karibu nanovolti 3, na kwa hiyo nyongeza hiyo humezwa.

Kwa vigezo hivyo BC550C ndiyo niliyoipa nafasi ya kwanza. Herufi C mwishoni si pambo: inamaanisha ukuzaji wa kati ya 420 na 800, na ukuzaji mkubwa maana yake ni mkondo mdogo wa bezi, yaani kelele ndogo ya mkondo. Inastahimili volti 45, wakati ndugu yake BC549C anastahimili volti 30, na kwa betri mbili za volti 9 yeyote kati yao anatosha. Nilipoichomeka kwenye soketi ikiwa na miliampia 0.1, shii iliyobaki ilikuwa laini na tulivu, bila mruko wala mkwaruzo, na nililazimika kuvuta pumzi polepole ili niisikie. Nilijaribu kumi, na zote kumi zilifanana kiasi kwamba sikuona haja ya kuzichagua kwa ajili ya upande wa kushoto na wa kulia.

BC547C ni ya familia hiyo hiyo na hupatikana kirahisi zaidi, na watu wengi huuliza kama kuna haja ya kuitafuta BC550C. Jibu limo kwenye karatasi za watengenezaji: kwa BC549 na BC550 wanaahidi kwamba kelele haitazidi desibeli 4, na kwa BC547 ahadi yao inafika desibeli 10. Katika BC547C kumi nilizonunua, nane sikuweza kuzitofautisha na BC550C. Ya tisa ilikuwa na shii nzito zaidi. Ya kumi ilikuwa na tatizo ambalo nisingependa mtu alipate baada ya kufunga boksi: kila baada ya sekunde chache ilitoa mdundo mdogo, tup, tup-tup, kama bisi zinazoanza kupasuka kwenye sufuria iliyofunikwa. Kelele ya namna hiyo hutokana na kasoro ndani ya kipande chenyewe cha silikoni, na hakuna rezista wala kapasita itakayoitibu. Transista hiyo inafaa kuwashia taa ndogo. Mwenye soketi na subira anaweza kununua BC547C na kuzichuja. Asiye na soketi anunue BC550C.

Transista iliyonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni 2SC1815, ambayo mafundi redio wanaijua kwa jina lililoandikwa mgongoni mwake, C1815. Zangu zilitoka kwenye bodi za redio kaseti zilizokufa. Kundi la kutafuta ni GR, lenye ukuzaji wa 200 hadi 400, au BL, lenye 350 hadi 700. Zile za kundi Y na O ziachwe kwa kazi nyingine. GR niliyoipima ilikuwa na ukuzaji wa 300, na hesabu ile ile inaipa jumla ya nanovolti 19 mahali ambapo BC550C ina 18. Kwa masikio yangu hazikuwa na tofauti yoyote. Kwa fundi aliye mbali na maduka ya vipuri, mwenye sanduku la bodi kuukuu chini ya meza, hiyo ni habari njema kabisa. Ila miguu yake haifuati mpangilio wa BC550. Ukiushika upande bapa ukutazame na miguu ikiangalia chini, BC550 inasomeka kolekta, bezi, emita kutoka kushoto, na C1815 inasomeka emita, kolekta, bezi. Mara ya kwanza nilisahau, nikakaa saa nzima nikitafuta kosa kwenye solda.

Nafika kwenye 2SK170 ya Toshiba, ambayo sifa zake ni kubwa na nyingi ni za kweli. Hii ni transista ya FET, ambayo mkondo wake huongozwa na volteji iliyo kwenye mguu uitwao lango, na miguu yake mingine ni dreni na sosi. Haina mkondo wa bezi, kwa hiyo kelele yake ya mkondo tunaweza kuihesabu kama haipo, na kelele yake ya volteji ni nanovolti 0.95. Kwenye katriji yangu, jumla inashuka kutoka 18 hadi zile 17 za rezista ya kilo-omu 47. Faida hiyo haifiki desibeli 1. Kwa upande mwingine, lango lake lina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya pikofaradi 30, na nyingine ya pikofaradi 6 kuelekea kwenye dreni ambayo hukuzwa na saketi yenyewe, ilhali AT-VM95E inataka pikofaradi 100 hadi 200 kwa jumla, waya ukiwemo. Ukizidisha, sauti nyembamba hupata kishindo zisichokuwa nacho kwenye santuri. Kwa hiyo kwa katriji ya sumaku inayocheza siioni sababu ya kuihangaikia.

Kuna na sababu nyingine. Toshiba waliacha kuitengeneza, na tangu hapo soko limejaa za bandia. Zangu nne niliziagiza kupitia duka moja la mtandaoni, zikaja na maandishi meupe yaliyong'aa kupita kiasi. Nilisugua moja kwa pamba yenye spiriti, na herufi zikatoka zote, zikabaki alama za msasa kwenye plastiki. Kipimo cha uhakika zaidi hakihitaji zaidi ya mita na betri: unganisha lango na sosi pamoja, weka volti 9 kwenye dreni kupitia mita iliyo kwenye miliampia, kisha usome. Kundi la GR la 2SK170 linapaswa kutoa miliampia kati ya 2.6 na 6.5, na BL kati ya 6 na 12. Zangu zilikuwa zimeandikwa BL. Mbili zilitoa chini ya 1, moja ilipita 20, na ya nne haikusoma kitu. Anayehitaji kweli transista ya namna hii atafute LSK170 ya Linear Systems ya Marekani, ambao bado wanaitengeneza, na ainunue kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni yenyewe. Bei yake ni kubwa. Kwa fedha ya moja unapata BC550C za kujengea priamplifaya kadhaa.

Mambo yanayoizunguka transista nayapitia kwa haraka. Rezista za ingizo na za kolekta ziwe za filamu ya metali, kwani zile za kaboni huongeza kelele yake kila mkondo wa moja kwa moja unapopita ndani yake. Boksi liwe la bati au alumini na liunganishwe na ardhi ya saketi mahali pamoja tu. Simu iwekwe mbali, kwa sababu mlio wake wa kutafuta mtandao huingia kwenye bezi kirahisi sana. Rezista ya omu 100 iliyolehemiwa karibu kabisa na mguu wa bezi ilinisaidia, na kelele yake ni ndogo mno kuliko ya koili. Na sindano ikishagusa santuri, mfereji wenyewe una kelele inayozidi yote niliyoyaeleza, hasa kwenye zile ndogo za mizunguko 45 zilizopita mikono mingi. Faida ya transista nzuri utaisikia kabla sindano haijashuka, na kwenye santuri safi, pale wimbo unapofifia.

Hukumu hii yote inageuka kwa mwenye katriji ya koili inayocheza, ambamo koili ndiyo hutikiswa na sumaku imetulia. Denon DL-103 hutoa milivolti 0.3 na ina omu 40 tu, ambazo kelele yake ya joto ni nanovolti 0.8. Hapo kelele ya mkondo haina pa kujikuza, na nanovolti 1.5 za BC550C yangu kwenye miliampia 0.1 ndizo zitakazosikika kwanza. Fundi wa katriji hiyo atapandisha mkondo wa kolekta hadi miliampia kadhaa, atachagua transista yenye ukinzani mdogo wa bezi kama 2N4403 au ZTX851, au ataziweka LSK170 mbili sambamba, na pesa yake itakuwa imekwenda mahali panaposikika. Mimi nimebaki na AT-VM95E, na BC550C mbili nimezilehemu moja kwa moja kwenye bodi, soketi nikaitoa. Nne za akiba nimezibandika kwa utepe ndani ya kifuniko cha boksi, pamoja na karatasi yenye mchoro wa miguu yake.