Wanafunzi wa chuo walionisaidia kuomba mkopo wa Bodi: uzoefu wangu

Baba alifariki nikiwa darasa la sita, mama anauza samaki wa kukaanga hapa Mwanza. Nilipomaliza kidato cha sita, ilikuwa ama mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ama nibaki nyumbani. Jirani ndiye aliyemwambia mama kuwa kuna wanafunzi wa chuo wanaojitolea kila Jumamosi, kwenye darasa la shule ya msingi, kuwaelekeza waombaji bure.

Nilikuwa nimeshapita stationari moja mjini. Kijana alinijazia fomu mbiombio, na sehemu ya wazazi akaandika wote wako hai. Ada ya maombi, shilingi 30,000, nilishailipa.

Dada aliyenipokea, wa mwaka wa tatu, hakugusa kompyuta kwanza. Aliomba vyeti halisi, akavipanga mezani: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kifo cha baba. Akachukua rula, akawa anaisogeza chini ya majina herufi kwa herufi. Kwenye cheti cha kuzaliwa baba ni Athumani, kwenye cha kifo ni Athuman. "Mdogo wangu, hii i moja itakusumbua," akasema. Akanielekeza nikaape kiapo cha majina kwa wakili, kisha vyeti vihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na ndipo tukarekebisha fomu kabla sijaituma. Kurasa za saini ya mwenyekiti wa mtaa na mhuri wa mahakama alizikagua mwenyewe kabla sijazipakia. Akanisisitizia pia nitumie namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne kwenye maombi ya chuo.

Lililonigusa zaidi ni jinsi alivyomkalisha mama na kumweleza kwamba hii si zawadi. Nikimaliza chuo nina miezi 24 kabla ya kuanza kulipa, kisha nikiajiriwa nakatwa asilimia 15 ya mshahara. Mama akauliza, "Na asipopata kazi?" Dada hakupamba maneno: deni linabaki palepale. Hakuna aliyewahi kuongea na mama yangu hivyo kuhusu masomo yangu.

Kasoro zipo. Kompyuta ni mbili tu, nilifika saa mbili asubuhi nikahudumiwa saa nane mchana. Rafiki yangu aliyetaka stashahada ya afya aliondoka na majibu nusu, ingawa mikopo ya stashahada ipo tangu mwaka wa masomo 2023/24. Na majina ya waliopata mkopo yalipotoka, kikundi kilishafunga msimu. Nilipata pesa ya chakula na malazi, 10,000 kwa siku, lakini ada nilipewa sehemu tu. Rufaa niliiandika peke yangu kwenye simu, usiku, huku sijui kama naambatisha karatasi sahihi. Wangebaki hata Jumamosi mbili za rufaa, wangeokoa wengi.

Ukienda, beba vyeti halisi, si kopi, na mzazi wako aje naye.