Geji ya Mekanika au ya Umeme? Angalia Meno Kwanza

Agosti iliyopita, tunapanda mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, mshale wa geji ya presha ya oili ukaanza kushuka. Kufungua boneti: moshi, na oili imelowesha ubavu mzima wa injini. Geji hiyo ya mekanika, inayoletewa oili yenyewe kwa kimrija hadi kwenye dashibodi, ilikuwa na wiki mbili tu. Nikaapa sigusi tena ya mekanika. Nikanunua ya umeme, inayosoma kwa waya kutoka sensa iliyofungwa kwenye injini. Fundi akafunga, nayo ikavuja mahali palepale.

Kosa halikuwa mekanika wala umeme. Lilikuwa uzi, yaani yale meno ya kufungia. Kwenye Toyota nyingi, Land Cruiser yangu ya injini ya dizeli ya 1HZ ikiwemo, tundu la swichi ya oili, ambamo geji hufungwa, lina uzi wa Kiingereza wa thumuni ya inchi, meno 28 kwa inchi. Geji nyingi za madukani zimekatwa uzi wa Kimarekani: thumuni hiyohiyo, meno 27. Kwa macho ni mapacha. Inaingia mizunguko miwili, mitatu, inakaza, fundi anadhani imefika. Anazungusha tepe nyeupe ya mafundi bomba, anamalizia na spana, anakuambia, "Dada, hiyo imekaa." Imekaa, ndiyo, mpaka injini ipate moto.

Na tepe hiyo ina ubaya wake. Sensa ya waya mmoja inapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari, kupitia meno yake. Ukiivisha tepe nyingi, umeitenga na chuma. Sensa ya joto hupunguza ukinzani wa umeme maji yanapopata moto. Ethi mbovu inauongeza, kwa hiyo mshale unakuambia injini imepoa kumbe inachemsha. Heri usiwe na geji kabisa.

Basi, nikizipanga geji kwa ubora, yangu ya kwanza ni ya umeme ya chapa ya VDO, na upendeleo wangu sifichi. Sensa zake zina uzi wa aina kadhaa, omba wa kwako. Ila geji na sensa ziwe ndugu: sensa ya oili ya VDO inakwenda takriban omu (kipimo cha ukinzani) 10 hadi 180, za Kimarekani nyingi zinaanzia 240 kushuka hadi 33. Ukizichanganya, unasoma uongo.

Ya pili, mekanika ya joto. Haitegemei betri. Ila kile kimrija chake chembamba hakikatwi wala hakiungwi, kwa hiyo pima urefu kabla hujalipa.

Ya tatu, mekanika ya oili. Inakuletea oili ya moto hadi magotini. Ukiing'ang'ania, tupa kijimpira cha plastiki kilichomo kwenye boksi, weka bomba la shaba.

Seti za geji tatu za bei poa? Hazisemi hata uzi wake. Tuendelee.

Kinachoniudhi ni wauzaji wetu hapa Arusha. Wanapasua boksi, geji kivyake, sensa kivyake, kisha unapewa sensa yoyote iliyokuwa kwenye droo. Ukiuliza uzi: "Ni ya Toyota hiyo, mama." Wakiona funguo ya Land Cruiser, bei inapanda elfu ishirini, kana kwamba kila Land Cruiser ya mji huu imejaa dola za watalii. Yangu imejaa ndizi za Moshi na watoto wa shule.

Siku hizi natembea na swichi yangu ya zamani kwenye mkoba. Naiweka ubavuni mwa sensa mpya, meno ndani ya meno, nainua kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, narudisha, hata kama kijana ameshaandika risiti na amenuna.