Mchungwa au mlimau unaumwa? Cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Wengi huingia duka la pembejeo na jani moja lililojikunja mkononi, wakaomba dawa kali. Pesa nyingi hupotelea hapo, na mti hubaki vilevile. Kabla ya chupa yoyote, nunua kioo cha kukuzia mara 10, kisha geuza jani utazame chini yake. Vidukari hujaa kwenye machipukizi laini. Wadudu magamba huonekana kama vipele vya kahawia vilivyoganda kando ya mshipa wa kati. Ukivikwaruza kwa ukucha, vinabanduka. Vidung'ata hujifunika unga mweupe pale jani linapoungana na tawi. Utitiri huacha vidoa vingi vidogo vya rangi ya fedha. Ukishamjua mdudu, ununuzi unakuwa mwepesi, na mimi napanga hivi.

Namba moja ni mafuta ya kupulizia miti, yale ya madini yaliyosafishwa kwa ajili ya mimea. Usibabaishwe na ya kupikia wala ya mashine. Hufunika mdudu na kumnyima hewa, kwa hiyo ni vigumu kwake kujenga usugu kama anavyofanya kwa sumu. Hufaa kwa magamba, inzi weupe, utitiri na vidung'ata, yaani sehemu kubwa ya matatizo ya mti wa nyumbani. Mara nyingi kipimo ni mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, lakini lebo ya chupa yako ndiyo yenye neno la mwisho. Lowesha upande wa chini wa majani mpaka yachuruzike, maana wadudu wako huko. Usipulizie joto likizidi nyuzi 32, wala mti ukiwa na kiu, la sivyo majani yataungua. Kama uliwahi kupulizia salfa, acha mwezi mzima upite kwanza.

Cha pili wengi hawakitarajii: gundi ya kunasa sisimizi. Ukiona msafara wao ukipanda shina, ujue wanafuata utamu unaotolewa na vidukari na magamba, na kwa malipo huwalinda dhidi ya wadudu wanaowala. Ule ukungu mweusi kama masizi juu ya majani huota kwenye utamu huohuo. Ukidhibiti wadudu, huisha wenyewe. Zungushia shina utepe kwanza, upake gundi juu ya utepe, kwani ikigusa gome moja kwa moja inaweza kulidhuru. Kata pia matawi yanayogusa ukuta au ardhi, maana sisimizi watayafanya daraja. Usidharau wasaidizi wa asili: mnamo 1888 na 1889 mbawakawa wadogo aina ya Rodolia waliletwa California kutoka Australia, wakaokoa bustani za michungwa zilizokuwa zikiangamizwa na wadudu magamba weupe.

Tatu, sabuni ya kuulia wadudu. Huua vidukari haraka ikiwagusa, lakini ikikauka imekwisha kazi, hivyo utarudia baada ya siku chache. Nne, mafuta ya mwarobaini. Nayapenda, ila yanataka subira: huvuruga ukuaji wa mdudu mchanga, na jua huyadhoofisha upesi. Pulizia jioni.

Dawa ya shaba inunue kwa sababu maalumu tu. Huzuia ukungu, haiponyi jani lililokwisha kuugua. Shina likitoa utomvu unaonata karibu na ardhi, kwanza ondoa udongo na matandazo yaliyolizunguka, na uache kulimwagia maji.

Kuna manjano yasiyo na mdudu wala ukungu. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, fikiria zinki au chuma. Majani ya zamani yakianza kugeuka manjano huku kitako chake kikibaki kijani, fikiria magnesi. Hapo nunua mbolea ya majani.

Mwisho kabisa, na ningependa usiifikie, ni dawa inayopenya ndani ya mti kama imidaklopridi. Hufika hadi kwenye maua, na nyuki huipata humo. Ukilazimika, usiitumie mti ukiwa na maua, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Ukikuta mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za mshipa mkuu, na matunda madogo yaliyopinda na machungu, usinunue dawa. Hizo zaweza kuwa dalili za ugonjwa wa kijani wa michungwa, ulioonekana mara ya kwanza huko Florida, Marekani, mwaka 2005 na ambao mpaka leo hauna tiba. Mwite mtaalamu wa kilimo athibitishe. Akithibitisha, mti ung'olewe, na pesa yako iende kwenye mche kutoka kitalu kilichoidhinishwa; hata huo, ukague chini ya majani kwa kile kioo kabla ya kulipa.