Urojo wa Forodhani na wanaoula

Kibanda cha urojo (mchuzi mzito wa Kizanzibari) ninachokipendekeza kiko Forodhani, Mji Mkongwe, Zanzibar, na hufunguliwa jua linapokaribia kuzama. Mchuzi wake wa embe mbichi na ukwaju haukuzidishwa unga, na ndani yake hutiwa bajia na kachori, mapishi yenye asili ya Bara Hindi, pamoja na chipsi za muhogo, zao lililotoka Amerika ya Kusini. Hata hivyo sijamsikia Mzanzibari akiuita urojo chakula cha kigeni. Kilichonigusa zaidi ni benchi, ambapo Mngazija, Mhindi, mtu wa Makunduchi na kijana wa Tanzania Bara walikaa bega kwa bega, na muuzaji akawahudumia kwa zamu bila kumuuliza yeyote kwao ni wapi. Uzanzibari ninaouthamini ni huo. Mishkaki, hata hivyo, ilikuwa mikavu, na bei yake ipunguzwe.