Mchele wa Kyela Katika Sufuria ya Mpwani: Uchambuzi Kutoka Mbeya

Asalaam aleikum watazamaji wangu, na karibuni jikoni kwangu hapa Uyole, Mbeya. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na huu ni mwaka wangu wa tatu ugenini, na Wakenya wenzangu wanaohamia huku huniuliza mara kwa mara wanunue mchele gani. Hii hapa mifuko miwili niliyoitoa juzi Soko la Mwanjelwa, mmoja wa mchele wa Kyela, wilaya iliyo kando ya Ziwa Nyasa, na mwingine wa Mbarali, wilaya nyingine ya mkoa huu wa Mbeya. Wa Kyela ulizidi kwa shilingi 500 kila kilo, nami nitawaeleza ni lini nyongeza hiyo inastahili kulipwa.

Kwetu nilizoea pishori ya Mwea au mchele wa Pakistan, uliokwisha kufungwa na kuandikwa jina, nikalipa na kwenda zangu. Mwanjelwa mchele umerundikwa wazi mbele yako, na jina la Kyela utalikuta limechomekwa hata juu ya mchele ambao haukulimwa karibu na Ziwa Nyasa. Mwanzoni niliuziwa mchanganyiko kwa bei ya Kyela halisi, na wali wangu ukatoka nusu umevurugika, nusu una kiini, siku ambayo nilikuwa na wageni. Iliniuma sana. Mama mmoja muuzaji, nilipomsimulia, alinitilia mchele kiganjani akasema, “Mwanangu, usiangalie weupe. Upumulie, kisha unuse.” Nilinusa, na harufu ikaja ingawa punje zilikuwa kavu. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kunusa, na huangalia pia chenga, kwa sababu punje zilizovunjika hutoa wanga unaougandisha wali wote.

Swali la pili la kumuuliza muuzaji ni kama mchele ni mpya au ni wa msimu uliopita, kwa kuwa mchele uliovunwa karibuni haunywi maji mengi, na ukiutilia kipimo ulichozoea utapata bokoboko. Akikutajia bei ya sado, usidhani ni gorogoro yetu ya kilo mbili. Sado ni kopo la rangi la lita 4, hivyo ni vyema kuomba mchele upimwe kwenye mizani.

Sasa tuje kwenye moto, ambako mpishi wa Pwani hupata mshangao mkubwa zaidi. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huku ina mgandamizo mdogo, maji huchemka yakiwa na nyuzi joto kama 94, wakati Mombasa huchemka kwenye 100. Ndiyo sababu chakula huchelewa kuiva hata moto ukiwa mkali. Maharage, ambayo sisi huyaita maharagwe, lazima yalale ndani ya maji usiku kucha. Wali nao huutilia maji kidogo zaidi, nikafunika barabara, na maji yakikauka nikapalia makaa juu ya mfuniko kama alivyofanya bibi yangu.

Mezani, mchele wa Kyela umenipendeza mno kwa wali wa nazi, kwa sababu ni laini na harufu yake haimezwi na tui. Kwa pilau sitautumia, maana viungo huifunika harufu ile niliyoilipia, na ulaini wake huzifanya punje zishikane. Huo wa Mbarali nilioununua, ambao ni wa msimu uliopita, umetoa pilau iliyochambuka vizuri kwa bei nafuu. Mwenye familia kubwa anunue wa Mbarali kwa chakula cha kila siku, na kilo chache za Kyela pembeni.

Mfuko wangu wa Kyela umebaki na kilo tatu. Nimeziweka kwa ajili ya wageni wa Ijumaa, na nazi mbili nimekwisha kuziagiza.