Filamu ya watoto wa mitaani, tuliyooneshwa midomo tu

Nyota mbili kwa usiku mzima, filamu na ukumbi pamoja. Nasema hivyo mwanzoni ili atakayesoma haraka asije akadhani nawalaumu waigizaji. Na pengine hata mbili ni nyingi.

Filamu yenyewe ni kazi ya watu wachache wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Vijana wanne wa Kisenyi, mtaa wa mabanda hapa Kampala, na binti mmoja aliyetoka Napak, kule Karamoja, wanaokota chupa za plastiki na vyuma chakavu, usiku wanalala juu ya magunia. Walioitunga wanayajua mambo. Kitambaa chenye mafuta ya ndege kinafichwa ndani ya mkono wa sweta, kijana anavuta kama anayejifuta pua. Chuma kinapopimwa, mtoto hatazami mizani, anatazama kidole cha mnunuzi. Lori la kuwazoa linapokuja, wa kwanza kukimbia ni yule aliyekwisha kupelekwa Kampiringisa, kituo cha serikali cha kurekebisha watoto. Wengine bado wanauliza kuna nini.

Sasa sauti. Juzijuzi, katika ukumbi mmoja hapa Kampala ambao sitautaja, tiketi shilingi 20,000, filamu ilianza kwa mvua na honi za bodaboda, safi kabisa. Kisha mtoto akafungua mdomo. Hakuna neno. Nikafikiri ni ufundi wa mwongozaji, na dakika kumi za mwanzo nilimsifu kimoyomoyo! Mpaka ugomvi wa pesa ulipofika, watu wanne wanafokeana, na sisi tunasikia bati linavuja.

Ukitaka kujua kilichoharibika, sikiliza kilichobaki. Waya ukikatika, upande mmoja mzima hufa. Sauti ikiwa chini, kila kitu huwa chini. Lakini muziki na mvua vikiwa wazi huku watu wanasikika kwa mwangwi tu, kama wako ndani ya pipa, hapo ni spika ya kati. Sauti ya filamu ilichanganywa kwa njia sita: kushoto, kulia, kati, mbili za pembeni, na ya besi. Mazungumzo karibu yote hukaa ile ya kati. Ukumbi ulikuwa na spika mbili, moja kila upande wa kitambaa cha kuoneshea picha, na amplifaya imeambiwa ya tatu ipo. Basi maneno yote yakawa yanapelekwa kwenye tundu lisilo na waya.

Dawa yake haifiki dakika moja wala haitaki bisibisi. Unaingia kwenye menyu ya amplifaya, sehemu ya spika, ile ya kati unaweka kwamba haipo; yenyewe inagawa maneno kushoto na kulia. Kama filamu inatoka kwenye kompyuta, unaiambia kompyuta itoe njia mbili tu. Kilichofanyika ni kuongeza sauti, na ukiongeza sauti hapo unaongeza bodaboda. Sifuri mara mbili ni sifuri.

Nikamwambia msimamizi, kwa adabu. Jibu lake: "Ssebo, hii ni sinema ya sanaa. Haina maneno mengi." Akarudi kwenye simu yake. Kwenye kibanda cha video, kwa bei isiyofika robo ya hiyo, VJ, yule anayetafsiri filamu papo hapo, angeshika maikrofoni akatueleza nani kamwibia nani, na angetia chumvi. Nami huwa siwapendi ma-VJ.

Jambo la ajabu ni kwamba maandishi ya tafsiri chini ya picha yaliwekwa pale tu panapozungumzwa Kikaramojong, maana Kiganda na Kiswahili walidhani tutavisikia. Kwa hiyo mtu pekee tuliyemwelewa usiku ule ni binti wa Napak, ambaye ndani ya hadithi hakuna anayemwelewa. Hilo lilinigusa kuliko lilivyokusudiwa.

Ila nikizidi kukasirika, watengenezaji nao wana lao. Anayetembeza filamu Uganda anajua kumbi nyingi zina spika mbili. Kwa nini usibebe nakala ya njia mbili kwenye flashi ileile, jina lake liandikwe waziwazi? Na kabla mlango haujafunguliwa, jaribu dakika mbili za sehemu yenye mazungumzo. Si ile ya mwanzo yenye muziki, maana hiyo hupita hata kwenye redio mbovu. Kwa hilo nilitaka kushusha nyota moja.

Halafu nikikumbuka yule mdogo anavyohesabu sarafu kwa ulimi, bila vidole, ili wenzake wasione, mkono unakataa. Zile mbili za mwanzo nazifuta: iwe nne kwa filamu, ukumbi haupati kitu. Au tatu, maana nusu yake sijaisikia. Ikirudi nitalipa tena, ila kwanza nitachungulia chini ya kitambaa nione kama pana spika.